Simba wa Kaisari Ana Kwikwi

Ikulu, Mji wa Konstantino
Juma la pili baada ya Sikukuu ya Msalaba

Mama yangu mpenzi Sofronia,

Nabusu mikono yako yote miwili, wa kulia kwanza, kama ulivyonifundisha. Hujambo? Magoti yanasemaje? Padri Auxentios aliniandikia kwamba ukungu ukishuka mlimani bado yanakuuma, na kwamba ile dawa niliyokutumia umekataa kuipaka, eti inanuka beberu aliyenyeshewa. Mama, ndivyo dawa ya kweli inavyonuka. Ipake. Dada Kale hajambo? Na mumewe, na watoto, na yule punda wao mwenye tabia ya kung'ata wageni? Nawaombea wote kila siku, isipokuwa punda, ambaye nilishamkatia tamaa.

Mimi huku ni mzima, na nimenenepa hadi mkanda wa sare umenishinda. Nyama ya nguruwe ya chumvi uliyonitumia ilifika salama. Niliila chumbani kwangu, mlango nimeufunga, maana hapa ikulu ukisema tu kwenu ni Paflagonia watu wanaanza kukukoromea kama nguruwe. Lakini harufu ikanisaliti. Bwana Theopistos, towashi mkuu wa ukumbi wa kiti cha enzi, alisimama mlangoni akinusanusa, akasema, "Anthimos, ama umemkaanga jirani yako, ama mama yako amekukumbuka." Nikamkatia kipande. Tangu siku hiyo hanikoromei tena. Kila asubuhi ananiuliza kama mama hajambo na kama hana mpango wa kutuma kitu.

Sasa nikupe habari yenyewe. Ni ndefu, kwa hiyo jiegemeze vizuri.

Kazi yangu unaijua, ingawa nasikia bado unawaambia majirani kwamba mwanao analisha simba wa Kaisari. Mama, simba hawa hawali. Ni wa shaba iliyopakwa dhahabu. Mgeni akiingizwa ukumbini, kinanda kinalia, ndege wa dhahabu wanaimba juu ya mti wa dhahabu, na simba wananguruma huku wakipiga mikia sakafuni. Mgeni analala kifudifudi. Akiinua kichwa, anamkuta Kaisari ameshapaa na kiti chake hadi karibu na dari, tena amevaa vazi jingine. Mgeni hurudi kwao akasimulia maajabu yetu sisi Warumi. Nyuma ya pazia tuko sisi, tumelowa jasho, tunavuta kamba na kukanyaga mivukuto, hiyo mifuko mikubwa ya ngozi inayopuliza hewa kooni mwa simba.

Mwishoni mwa kiangazi tukaambiwa wageni wanaokuja ni Warosi, wale watu wa kaskazini wanaoshuka kwa mashua.

Nadhani ukisikia jina hilo, mkono wako umeshika msalaba wa shingoni. Wangu ulifanya hivyohivyo. Bwana Theopistos alikuwa akitueleza nani atasimama wapi, na mimi sikuwa nikisikia neno. Nilikuwa naziona zile mashua ndefu zilizoingia pwani yetu asubuhi ile, na moshi, na kaka Yakinthos akirudi mbio kuwafungulia nguruwe ili wasiungue zizini, na sisi tukimwita, na yeye asirudi tena. Nilikuwa mdogo, lakini sauti yako ukimwita naisikia mpaka leo. Baada ya hapo baba akatuhamishia mlimani, na baadaye akanileta mimi ikulu nifanywe towashi, kwa kuwa alisema kuta za huku hakuna mashua inayoweza kuzipanda. Sijawahi kumlaumu, wala wewe. Nakueleza tu ujue nilikuwa na moyo gani siku Warosi walipokuja. Nilitaka simba wangu awatishe mpaka wajikojolee.

Kumbe siku hiyohiyo simba mkubwa, ambaye pumzi yake ndiyo inayowapa wenzake sauti, hakuwa na sauti.

Fundi wetu wa mitambo ni Mwarmenia, anaitwa Vahan, mtu mkimya mwenye mikono kama koleo. Asubuhi alikanyaga mivukuto kujaribu, ikatoka sauti ya mzee anayekohoa. Akafungua tumbo la simba, akaingiza mkono, akautoa na kiota cha panya. Panya walikuwa wametafuna ngozi yote ya mivukuto, na humo wamezalia watoto wekundu, uchi, bado vipofu.

"Simba hajafa," Vahan akasema. "Amejifungua."

Bwana Theopistos akakaa chini pale pale kwenye ngazi ya kiti cha enzi, jambo ambalo mtu anaweza kuchapwa viboko kwalo. Akajipepea kwa mkono wa kanzu. "Nimekwisha mie! Watanipeleka kisiwani! Nitakula dengu na wamonaki mpaka meno yaniishe!"

"Meno yalishaisha, bwana," Vahan akamwambia, akiendelea kuwakinga wale panya kwa kiganja.

Wageni walikuwa tayari uani. Tulikuwa tunasikia viatu vyao. Bwana Theopistos akaangaza macho huku na huko kama mtu anayezama, na macho yake yakatua kwangu. "Wewe! Mpaflagonia! Nyie si mnaitana na nguruwe wenu kutoka mlima mmoja hadi mwingine? Ingia humo."

"Wapi, bwana?"

"Ndani ya simba!"

Mama, nyuma ya simba pana kijishimo cha fundi. Niliingia nusu, nikakwama, hapo nikaijutia ile nyama yako. Vahan akanisukuma kwa goti. Akanipa mtungi mtupu niweke mdomo ndani ili sauti iwe nzito, akaniambia nitazame nje kupitia meno ya simba, na kinanda kikinyamaza ningurume.

Wakaingia. Mbele alikuwa mkuu wao, Igeld, jitu lenye ndevu nyekundu na bangili za fedha. Nyuma yake wenzake, wote wakijitahidi kutoshangaa, vinywa wazi. Kando yake alisimama mkalimani wao. Huyo alikuwa mweusi wa nywele kati ya wekundu wale, ndevu amezisuka kama wao, bangili kama zao. Nilimchukia kuliko wote, kwa sababu alikitafsiri Kigiriki chetu vizuri, nikajiuliza ni Mrumi gani huyu aliyejiuza kwa watu kama hawa.

Kinanda kikanyamaza. Nikavuta pumzi yote iliyoweza kuingia mle ndani.

Sikuwahi kumsikia simba wa kweli, mama. Kitu pekee cha kutisha nilichowahi kusikia ni baba akifukuza dubu kwenye mizinga ya nyuki. Unakumbuka alivyotumbukiza uso kwenye mtungi wa divai akanguruma mpaka bonde likaitikia? Na kwa kuwa mtungi ulikuwa mtupu kwa sababu aliumaliza yeye mwenyewe, kila ngurumo iliishia na kwikwi. Wewe ulikuwa ukisimama mlangoni na mwiko, unasema dubu hawakimbii sauti, wanakimbia pumzi zake. Basi nikanguruma kama baba. Niliitoa hasira yote, na moshi wote, na zile mashua zote. Ukumbi ukatetemeka. Mrosi mmoja akashika mahali ambapo shoka lingekuwepo kama wasingemnyang'anya mlangoni. Na mwishoni, bila mimi kutaka, kwa kuwa ndivyo ngurumo hiyo ilivyo, ikatoka kwikwi.

Mtu akacheka.

Hakuna anayecheka mbele ya Kaisari, mama. Nilichungulia kwenye meno, nikaona ni yule mkalimani. Alikuwa katikati ya maneno ya Logotheti, waziri wetu wa mambo ya wageni, na ameyaacha hapohapo yakining'inia. Alicheka kama mtu aliyepigwa kifuani, kisha machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta. Nyuma ya pazia nilimsikia Bwana Theopistos akiwaita watakatifu mmoja mmoja kwa majina.

Igeld akamgeukia kwa ukali, akamuuliza kitu. Mkalimani akajibu kwa upole, akielekeza kidole kwa simba. Lile jitu likafikiri kidogo. Kisha likavuta hewa, likatanua mikono, likamngurumia simba wangu usoni! Na wenzake wote wakafuata. Ukumbi wa kiti cha enzi cha Warumi ukajaa Warosi wakinguruma. Mimi sikujua la kufanya, nikawajibu. Wakafurahi, wakapiga miguu sakafuni. Logotheti, ambaye uso wake haujawahi kusogea tangu nimfahamu, aliinamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake, na mabega yakimtikisika.

Baadaye tulipata kujua alichoulizwa na alichojibu. Igeld alitaka kujua anacheka nini. Akamwambia, "Simba wa Warumi amesema karibuni. Kwao si adabu kukaribishwa ukanyamaza."

Basi, hatukuchapwa wala hatukupelekwa kisiwani. Kwa siku kadhaa ikulu yote ilisema hakujawahi kuwa na wageni waliofurahi vile. Lakini Bwana Theopistos hakupata usingizi. Aliletewa habari kwamba mkalimani wa Warosi, yule wanayemwita Akun, anamuuliza kila mtumishi ni nani anayemtunza simba, na mtu huyo amezaliwa wapi.

"Mpelelezi," Bwana Theopistos akaninong'oneza. "Anataka kutuibia siri. Nenda wewe mwenyewe ukamchunguze. Mpelekee matunda. Usimwambie lolote la maana, nawe si mtu wa kujua mengi ya maana, kwa hiyo haitakuwa shida."

Nikapewa kikapu cha tini na zabibu, nikaenda hadi Mtakatifu Mamas, nje ya kuta, mahali Warosi wanapopangishwa. Nilimkuta uani karibu na kisima, jua limewaka, wenzake wanacheza kamari na kupigiana kelele. Alisimama aliponiona. Mama, alinitazama kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika.

"Wewe ndiye mwenye simba?" akaniuliza. Na hapo ndipo nywele zilipoanza kunisimama, kwa sababu hakusema kwa Kigiriki cha Mjini. Alisema kwa kile cha pwani yetu, chenye kumeza nusu ya kila neno.

Nikajikaza, nikamjibu kwa sauti ya ikulu kwamba mimi ni ofisa wa ukumbi na nimeleta matunda.

"Simba wako ana kwikwi."

"Ni kasoro ya mitambo," nikasema.

"Mitambo hailewi, ndugu yangu."

Kulikuwa na mtungi juu ya ukingo wa kisima. Akauchukua, nikadhani anataka kunywa. Akayamwaga maji yote, akatumbukiza uso ndani, akanguruma. Ilikuwa ngurumo ileile, mama, ya mizinga ya nyuki. Ilipofika mwisho nilijikuta naisubiri, na ikaja. Kwikwi. Warosi waliokuwa wakicheza kamari hawakushtuka hata kidogo. Mmoja alipaza sauti akasema kitu, wakacheka. Baadaye niliambiwa alisema, "Akun anafukuza dubu wake tena."

Kikapu kiliniponyoka. Tini zikabingirika hadi miguuni kwake.

"Nani alikufundisha?" akaniuliza, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha.

"Baba," nikasema.

"Baba yupi?"

"Wa nyumba iliyokuwa chini ya mwamba. Mwenye mizinga ya nyuki."

Akanisogelea. Akautazama uso wangu usio na ndevu, na sare yangu, na kitambi changu. Kisha akaniita, taratibu, kama anayeogopa kukosea, "Chura?"

Mama, hapa Mjini hakuna mtu anayelijua jina hilo langu la utotoni. Hata wewe uliliacha baba alipofariki.

Kama umesimama, keti. Kale, mpe mama maji. Ni Yakinthos. Yakinthos wako yu hai, ana meno yake yote, ana mabega kama ya baba, na bado anaongea mdomo umejaa chakula.

Tulikaa pale kisimani mpaka jua likahama upande. Aliniambia kwamba kutoka kwenye mashua aliuona moshi ukipanda juu ya kanisa walikokimbilia watu wa kijiji, na mateka mwenzake akamwapia kwamba hakuna aliyetoka humo akiwa hai. Ndiyo maana hakututafuta. Alikuwa akituombea kama marehemu. Huko kwenye mito ya kaskazini shemasi mzee, mateka kama yeye, alimfundisha kusoma ili asisahau yeye ni nani, na hakusahau. Bwana aliyemmiliki alipofariki alimwacha huru, na Igeld akamchukua kuwa mkalimani. Ameoa. Mkewe ni wa hukohuko, anaitwa Ragna, amebatizwa, na kaka anasema ukigusa sufuria yake anaweza kukupiga nayo, kwa hiyo mtaelewana. Wana binti. Amempa jina lako, Sofronia, lakini majirani wanashindwa kulitamka, wanamwita Sova, ambalo kwa lugha yao ni bundi. Usikasirike. Anasema ana macho makubwa kweli.

Nami nilimweleza ya kwetu, na kuhusu baba, na kaburi lake lilipo. Nilipomweleza jinsi nilivyoletwa hapa, alilia kuliko aliposikia habari za baba. Nikamwambia aache, kwamba nina chakula, nina marafiki, na nina simba. Akaniuliza kama nina furaha. Nikafikiri kwa uaminifu, nikamjibu kwamba siku nyingi ninayo, na siku hiyo ilinizidi.

Bwana Theopistos nilipomrudia na taarifa ya upelelezi alilia hadi wanja wa macho ukamchuruzika. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kwa Logotheti hati ya safari ya kaka. Igeld naye hakuleta ugumu. Alisema atarudi kaskazini kabla mito haijaganda, na kiangazi kijacho mashua zikishuka atawaleta Ragna na mtoto. Alimkumbatia kaka mbele yetu, kisha akaniomba, kupitia kaka huyohuyo, ningurume mara moja tu bila simba. Nikanguruma. Vahan amepewa kazi ya kutengeneza mivukuto mipya yenye kwikwi, kwa kuwa wakubwa wameipenda, na hajapata kuwa na hasira namna hii maishani mwake.

Sasa mama, sikiliza kwa makini. Unajiuliza yuko wapi, atakuja lini, atapita njia gani. Najua pia unashangaa kwa nini leo barua yangu haisomwi na Padri Auxentios, ambaye nina hakika yuko hapo pembeni amejiziba mdomo kwa ndevu zake. Nilimwagiza mgeni aliyeleta barua hii apite kwanza kanisani, amwonyeshe padri hati yake, na kumwomba amwachie yeye kazi ya kusoma. Niliogopa ukimwona ghafla mlangoni moyo wako usimame. Nikataka uizoee sauti yake kwanza.

Ni hiyo unayoisikia, mama. Mtazame anayekusomea.

Na wewe kaka, najua machozi yamekuzuia kuona mistari. Nakuamuru kama ofisa wa ikulu: weka barua chini.

Mkishamaliza kulia, na mkishakula, soma haya machache yaliyobaki. Nisalimie Kale na mumewe, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja. Salamu za pekee kwa Padri Auxentios, na shukrani kwa kunyamaza, maana najua kwake ni mateso. Bwana Theopistos anakusalimu sana, mama, na anauliza kama kuna kitu unatuma. Mungu na Mama Mtakatifu wawalinde wote. Nimeshapewa ruhusa ya Pasaka, na nimekwisha kuagana na simba. Siku hiyo pika ya wana wawili.

Mwanao akupendaye,
Anthimos
(ambaye Yakinthos atasisitiza kumwita Chura)